UCHAMBUZI: Akiba ya maji ianzie paani na bustanini, si katika mabwawa pekee

KILA mara mawingu yanapotanda katika anga la nchi hii, Wakenya huingiwa na hofu mbili zinazopingana. Wanaoishi mabondeni na kandokando ya mito huhofia kusombwa na mafuriko. Wanaoishi katika maeneo kame huhofia kwamba mvua itapita bila kuacha chochote visimani mwao.

Hofu zote mbili zina msingi. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli kaskazini na mashariki mwa nchi, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikaangamia. Kabla wafugaji hawajapangusa machozi, mvua kubwa ya mwishoni mwa 2023 ikabomoa madaraja na barabara. Kisha masika ya 2024 yakaua watu zaidi ya 200, wakiwemo makumi waliosombwa alfajiri ya Aprili 29 karibu na Mai Mahiu.

La ajabu ni kwamba hata katika miezi hiyo ya mafuriko, familia nyingi katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi ziliendelea kununua maji kwa mtungi. Maji yalikuwa yakipita mlangoni, lakini hayakuwa maji ya kutumika.

Hali hii inatufunza jambo moja. Tatizo la nchi hii si uhaba wa mvua pekee, bali pia ni kukosa mahali pa kuiweka inaponyesha, na mazoea ya kutumia maji mara moja kisha kuyamwaga. Serikali imezungumza kwa miaka mingi kuhusu mabwawa makubwa. Ni wachache wanaozungumza kuhusu paa la nyumba, ndoo ya kufulia na bustani ya sukumawiki, ilhali humo ndimo mwananchi anamoweza kuanza bila kusubiri zabuni yoyote.

Deni la Nairobi

Jiji la Nairobi ni mfano mwafaka. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yake hutoka katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994 na ambalo lina uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo. Sehemu iliyosalia hutoka bwawa la Sasumua lililoko Nyandarua, bwawa la Ruiru na chemchemi za Kikuyu ambazo zimelihudumia jiji hili tangu enzi za ukoloni.

Tangu Ndakaini ikamilike, idadi ya wakazi imeongezeka maradufu na zaidi. Mwanzoni mwa 2017, baada ya mvua fupi za 2016 kufeli, mgao wa maji ulianza rasmi na bwawa hilo likapungua hadi takriban robo ya ujazo wake. Mvua kubwa ya 2018 ililijaza tena, lakini ratiba ya mgao haikuondoka. Imekuwa sehemu ya maisha ya jiji, sawa na msongamano wa magari.

Ili kuziba pengo hilo, handaki la Northern Collector lenye urefu wa kilomita 11.8 lilichimbwa kuelekeza maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati hadi Ndakaini, na likazinduliwa mwaka wa 2022. Mradi huo ulizua mjadala mkali. Viongozi na wakazi wa Murang'a walilalama kwamba mito yao ingenywea ilhali vijiji vyao vyenyewe havina mifereji. Waliopinga walikumbusha pia kwamba mito hiyo humwagika katika Tana, mto unaotegemewa na wakulima na wafugaji hadi Garissa na kwenye delta.

Mjadala huo hauishi kwa kuzinduliwa kwa handaki. Kila lita inayomwagwa ovyo katika mtaa wa kifahari wa Nairobi ni lita iliyoondolewa katika mto wa mtu mwingine. Kwa hivyo, kuhifadhi maji nyumbani si suala la kupunguza bili pekee. Ni suala la haki baina ya anayefungua mfereji na anayeishi kwenye chanzo chake.

Isitoshe, kutegemea visima vya kuchimbwa kwa mitambo si suluhisho la kudumu. Maji ya ardhini chini ya Nairobi yamekuwa yakishuka kwa miaka mingi kwa sababu yanavutwa kwa kasi kuliko yanavyojazwa na mvua. Aidha, katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na hata Nairobi kwenyewe, maji ya visima hivyo yana madini ya floridi kupita kiasi. Wakazi wa Nakuru na Naivasha wanazijua athari zake: meno hugeuka rangi ya kahawia tangu utotoni, na kiwango kikizidi, mifupa huathirika.

Paa ni kisima

Maji ya mvua, kinyume na hayo ya ardhini, huwa na floridi kidogo mno. Na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifanya.

Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ya paa, hutoa lita 1 ya maji. Chukua nyumba yenye paa la mita 50 za mraba jijini Nairobi, ambako mvua ya mwaka ni takriban milimita 900. Tukitoa asilimia 20 inayopotea kwa kuruka, kuvuja na kukauka, paa hilo litakinga lita 36,000 kwa mwaka. Katika sehemu za Ukambani zinazopata milimita 600, paa lilo hilo litatoa lita 24,000.

Mvua moja nzito ya milimita 25 inatosha kulipatia paa hilo lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Kwa familia inayonunua maji mtaani, hiyo ni mitungi 50 ambayo haikununuliwa, na kwa mama wa kijijini ni safari kadhaa za mtoni alizoepushwa.

Kikwazo hasa si mvua bali ni chombo. Familia ya watu watano inayojibana na kutumia lita 100 kwa siku, yaani lita 20 kwa kila mmoja, itamaliza tangi la lita 5,000 kwa siku 50. Masika yakiisha mwishoni mwa Mei na vuli ikaanza katikati ya Oktoba, kuna takriban siku 130 za kiangazi katikati. Familia hiyo itahitaji akiba ya lita 13,000 ili ivuke bila kununua hata mtungi mmoja.

Si wengi wanaoweza kumudu tangi la ukubwa huo kwa mkupuo. Lakini akiba haiozi, na wala si lazima ianze kwa ukubwa. Mwenye pipa la lita 200 anaweza kulijaza mara nyingi katika msimu mmoja iwapo atalitumia kati ya mvua na mvua. Makundi ya akina mama katika sehemu nyingi za nchi yametumia mtindo wa chama kununuliana matangi kwa zamu, kama walivyonunuliana vyombo vya nyumbani miaka iliyotangulia.

Paa lenyewe linahitaji matayarisho. Mafundi hufunga gata kwenye ukingo wa mabati na kuzipa mwinamo mdogo ili maji yasituame. Maji ya kwanza ya msimu hayafai kuingia tangini, kwani huosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Njia nyepesi ni kuacha bomba la kuingilia likiwa limeelekezwa kando kwa dakika za kwanza za mvua, kisha kulirudisha. Mdomo wa tangi nao ufunikwe kwa wavu mwembamba, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Paa kuukuu la asbesto lisikingiwe maji ya kunywa.

Hekima hii si ngeni pwani. Katika visiwa vya Lamu, ambako visima vingi hutoa maji ya chumvi, wenyeji wamejenga majabia ya kukusanya na kuhifadhi maji ya mvua tangu kale. Misikiti ya zamani ya Waswahili ilikuwa na birika za kutilia udhu, na baadhi yake zilifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Magofu ya Gede yanaonyesha visima vilivyochimbwa kwa uangalifu pamoja na mifumo ya kupitishia maji. Waliojenga miji hiyo hawakuwa na bomba kutoka chemchemi za Mzima wala visima vya Baricho, hivyo waliliheshimu tone.

Maji yanapopotelea

Kabla ya kutafuta maji mapya, ni busara kuchunguza yale tuliyo nayo yanapotelea wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kwanza ni mfereji unaodondoka.

Mfereji unaotoa tone moja kila sekunde humwaga matone 86,400 kwa siku. Hata kama kila tone ni dogo kiasi kwamba 20 huunda mililita 1, hizo ni lita 4.3 kwa siku, au zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Ni sawa na mitungi 78 iliyomwagika kwa sababu ya mpira mdogo ambao fundi anaweza kuubadilisha kwa dakika chache.

Choo cha kuvuta maji ndicho mlaji mkubwa katika nyumba za mijini. Matangi ya zamani ya choo hutumia lita 9 au zaidi kila yanapovutwa, ilhali ya kisasa yenye vitufe viwili hutumia takriban lita 3 kwa haja ndogo na lita 6 kwa haja kubwa. Familia ya watu watano, kila mmoja akivuta mara tano kwa siku, hutumia lita 225 kwa choo cha zamani. Kiasi hicho kinashinda mara mbili maji yote ambayo familia ile tuliyoitaja hutumia kwa kupika, kuoga na kufua.

Asiyeweza kununua choo kipya anaweza kutia chupa ya lita moja iliyojazwa maji na kufungwa ndani ya tangi la choo, mbali na vyuma vyake. Kila mvuto utapungua kwa lita moja. Familia ile ile itaokoa lita 25 kwa siku bila kugharimika hata senti.

Kuna wanaodhani kwamba kipimo cha namna hii ni cha maskini. Wakumbuke Cape Town, mojawapo ya miji tajiri barani Afrika. Mabwawa yake yalipokaribia kukauka mapema 2018, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Matajiri kwa maskini walioga wakiwa wamesimama ndani ya beseni ili maji hayo yavute choo. Jiji hilo liliponea chupuchupu kwa sababu wakazi walibadili mazoea kabla ya mvua kurejea.

Maji yafanye kazi mara mbili

Hapa ndipo tunapofika kwenye kutumia maji tena. Katika nyumba nyingi za Kenya, desturi hii ipo ingawa haina jina. Mama akimaliza kufua, maji ya kusuuzia hupigia sakafu deki, na yanayosalia humwagwa chooni au kwenye mgomba nyuma ya nyumba. Kinachohitajika ni kuifanya desturi hiyo kuwa mpango.

Mpango wenyewe ni wa ngazi. Maji safi yatumike kwanza kwa kunywa, kupika na kuoshea chakula. Yaliyoosha mboga na mchele yaende moja kwa moja bustanini, kwani hayana madhara. Maji ya kuoga na ya kusuuzia nguo yapige deki, yavute choo au yanyweshe miti. Maji ya kufulia ya kwanza, ambayo hubeba sabuni nyingi, yavute choo.

Maji ya choo hayamo katika mpango huu kabisa. Vivyo hivyo maji yaliyofua nepi za mtoto au nguo za mgonjwa, na maji yenye dawa kali za kung'arishia nguo au kufungulia mabomba. Hayo yaende kwenye mfumo wa maji taka au shimo la choo.

Zipo kanuni chache ambazo hazina mzaha. Ya kwanza: maji yaliyotumika yasihifadhiwe kwa zaidi ya siku moja. Yakilala, bakteria huzaana, harufu hutoka na mbu huvutiwa. Ya pili: yamwagwe kwenye udongo, karibu na shina, wala si juu ya majani. Ya tatu: yasitumiwe kwa mboga zinazoliwa mbichi kama vile dania, saladi na karoti. Migomba, mipapai, miwa, miti ya matunda na maua ndiyo yenye kufaidika zaidi bila hatari.

Ya nne inahusu udongo wenyewe. Sabuni nyingi za unga zina sodiamu, ambayo ikirundikana huufanya udongo kushikana na kukataa kupitisha maji. Maeneo ya mashariki mwa Nairobi na nyanda za Athi, yenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, yanahitaji tahadhari ya ziada. Mkulima wa huko azungushe maji hayo kutoka sehemu moja hadi nyingine, na sehemu iliyonyweshwa maji ya sabuni ipate maji safi au mvua kabla ya kurudiwa.

Kwa mwenye nafasi, pipa lililowekwa kokoto chini, changarawe katikati na mchanga juu huchuja mafuta, nywele na mapovu ya maji kabla hayajafika bustanini. Mchanga wa juu ubadilishwe unapoziba. Ifahamike wazi kwamba mchujo huu hauui viini, na maji yake hayafai kunywewa hata yakionekana meupe.

Zipo nchi ambazo zimekwenda mbali zaidi. Jiji la Windhoek nchini Namibia limekuwa likisafisha maji taka na kuyarejesha katika mifereji ya maji ya kunywa tangu mwaka wa 1968. Hiyo ni kazi ya mitambo, maabara na wataalamu, si ya ndoo na mchanga. Hata hivyo, inaonyesha kwamba aibu tunayohisi kuhusu maji yaliyotumika hutokana na mazoea kuliko sayansi.

Bustani isiyo na kiu

Bustani ya jikoni yenye mita 10 za mraba huhitaji takriban lita 40 hadi 50 kwa siku wakati wa kiangazi. Familia inayotumia lita 100 kwa siku hutumia sehemu ndogo tu kwa kunywa na kupika. Kilichobaki hutoka kama maji ya kuosha na kuoga. Nusu ya maji hayo ikifikishwa shambani, bustani hiyo itakuwa imepata karibu mahitaji yake yote bila mfereji kufunguliwa kwa ajili yake.

Lakini kuna kazi ya kufanywa ili maji hayo yasipotee. Matandazo ya nyasi kavu, majani ya migomba au maganda ya mahindi huzuia jua kuuchoma udongo na kuunyonya unyevu. Mbolea ya samadi au ya mboji huufanya udongo kushika maji kama sifongo. Unyunyizaji ufanywe alfajiri au jioni, kwani maji ya adhuhuri huishia hewani.

Umbo la kitalu nalo lina maana yake. Wengi huinua matuta kwa mazoea, ilhali katika sehemu kavu kitalu kilichozama kidogo chini ya usawa wa ardhi hukusanya kila tone. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaufahamu mtindo wa tumbukiza, ambapo nyasi za kulishia hupandwa ndani ya mashimo yenye samadi. Mashimo hayo hayo yanafaa mahindi, maboga na migomba.

Asiye na shamba ana gunia. Katika mtaa wa Kibera na mingineyo, magunia yaliyojazwa udongo na samadi, yakiwa na nguzo ya mawe madogo katikati ya kupitishia maji, yamelisha familia kwa sukumawiki, mchicha na managu. Gunia moja hupandwa juu na ubavuni, na hunyweshwa kwa ndoo chache kwa wiki.

Njia nyingine ni chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichofukiwa hadi shingoni na kujazwa maji. Maji hupenya polepole na mizizi huyafuata. Asiye na chungu atoboe tundu dogo kwenye kizibo cha chupa ya plastiki na kuipindua kando ya mche. Hilo ndilo wazo lilelile la unyunyizaji wa matone, ila kwa bei ya akina yahe.

Kwa upande mwingine, nyasi za mapambo katika mitaa ya wenye nacho zastahili kuulizwa swali. Ua la mita 200 za mraba likinyunyiziwa milimita 5 hunywa lita 1,000 kwa siku. Huo ni mgao wa familia 10 zinazotumia lita 100. Hakuna anayesema watu wasipambe nyumba zao, lakini pambo hilo litumie maji ya kuoga au ya mvua, si maji yaliyosafishwa Ng'ethu kwa gharama ya umma.

Tahadhari kuhusu mbu

Akiba ya maji isiyofunikwa inaweza kugeuka shubiri. Mji wa Mombasa umekumbwa na mikurupuko ya homa ya dengi zaidi ya mara moja, ukiwemo ule wa 2013 na 2014, na ugonjwa wa chikungunya ulizuka huko mwishoni mwa 2017. Mbu anayeeneza magonjwa hayo huuma mchana na hupenda kuzaana katika maji yaliyotulia ya majumbani: mapipa, ndoo, magurudumu kuukuu na hata vyungu vya maua.

Kwa hivyo, mtu anayehamasishwa kuhifadhi maji ahamasishwe pia kufunika. Kila chombo kiwe na kifuniko au wavu, na yale mapipa ya kutumia kila siku yamwagwe na kusuguliwa walau mara moja kwa wiki kabla viluwiluwi havijakomaa.

Hatari nyingine ni ile ya wakulima wa kandokando ya mito ya Nairobi, ambao baadhi yao hunyunyizia mboga maji taka ghafi. Kutumia tena maji ya kuoga ni jambo moja, lakini kuyaelekeza maji ya choo na ya viwanda kwenye sukumawiki ni jambo jingine kabisa. Kanuni za Ubora wa Maji zipo. Kinachokosekana ni usimamizi, pamoja na njia mbadala kwa mkulima huyo.

Mzigo ni wa nani?

Ni rahisi kumwambia mwananchi aweke akiba. Lakini mgala muue na haki umpe. Kwa miaka mingi, takwimu za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB) zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kampuni za maji nchini hayalipiwi. Hupotelea katika mabomba yaliyooza, mita mbovu na miunganisho ya kiharamu.

Mama wa Mukuru anayeziba mfereji wake ana haki ya kuuliza ni lini kampuni itaziba bomba lililopasuka barabarani kwake. Kampeni ya kuhifadhi maji inayomlenga mteja pekee, huku mwenye bomba akisamehewa, haitaaminika.

Pili, sehemu kubwa ya wakazi wa miji ni wapangaji. Mpangaji hana paa, hawezi kufunga gata, na ploti nyingi hazina hata nafasi ya pipa. Anayeweza kuliamua suala hilo ni mwenye nyumba, na kwa sasa wengi wao hawaoni faida. Baadhi hata huwauzia wapangaji maji kwa mtungi, hivyo kiangazi kwao ni biashara.

Hapa ndipo serikali za kaunti zinapohitajika. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Kaunti ndizo zinazoidhinisha michoro ya majengo. Haingekuwa vigumu kwao kukataa kuidhinisha jengo jipya la ghorofa ambalo halina tangi la maji ya mvua wala bomba la pili la kutenganisha maji ya kuoga na ya choo.

Bomba hilo la pili ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Nyumba ikishajengwa na maji yote kuunganishwa katika bomba moja, kuyatenganisha baadaye humaanisha kuvunja kuta. Likiwekwa wakati wa ujenzi, gharama yake ni ndogo. Kila ghorofa linaloinuka leo bila bomba hilo linaufungia mlango mtaa mzima kwa miaka 50 ijayo.

Serikali Kuu nayo, kupitia Sheria ya Maji ya 2016, iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Kuvuna na Kuhifadhi Maji. Jina hilo litakuwa na uzito zaidi iwapo uvunaji utamaanisha pia paa la shule, zahanati, soko na kanisa, mbali na mabwawa makubwa. Shule yenye madarasa manane ina paa la mamia ya mita za mraba. Ikifungwa gata na matangi, wanafunzi hawatatumwa mtoni wakati wa masomo, na watakwenda nyumbani na funzo ambalo hakuna bango linaloweza kulitoa.

Tatu, ni lazima bei izungumziwe kwa uaminifu. Anayenunua maji kwa mtungi hulipia mita moja ya ujazo mara kadhaa zaidi ya anayelipa bili ya kampuni. Kwa mtungi wa shilingi 5 tu, mita hiyo moja humgharimu shilingi 250. Ukipanda hadi shilingi 20, ni shilingi 1,000. Maskini wa nchi hii tayari wanahifadhi maji kwa sababu mifuko yao inawalazimisha. Juhudi mpya ziwaguse kwanza wanaotumia mengi na kulipa machache.

Hakuna kati ya haya linalomwondolea mwananchi wajibu wake. Mabomba ya kampuni yakizibwa yote kesho, idadi ya watu itaendelea kukua nayo mvua itaendelea kuja kwa fujo na kuondoka kwa haraka. Gata, pipa, ndoo na matandazo havitaijaza Ndakaini, lakini vitapunguza kiasi kinachoombwa kutoka kwake.

Msimu wa mvua huwa haumsubiri mtu. Mwenye nyumba anayetaka kuanza na aanze kwa kuangalia ukingo wa paa lake kabla ya wingu la kwanza kutanda. Nao madiwani wanaotunga sheria za ujenzi katika mabunge ya kaunti wajiulize ni majengo mangapi wataruhusu yainuke mwaka huu yakiwa na bomba moja tu.